Apt update haisasishi kitu

Walioko nyuma sogeeni mbele, maandishi ya terminali ni madogo. Haya. Mashine hii ina Debian, aina mojawapo ya Linux, imewekwa jana, haijaguswa. Nataka VLC, programu ya kuchezea video, na naiomba kwa apt, chombo cha Debian cha kushusha na kuweka programu. Naandika:

sudo apt install vlc

Mnaona jibu? "Unable to locate package vlc." Mimi nilipoanza Linux, hapa ndipo nilipozima kompyuta nikaenda kulala, nikijua programu haipo. Kumbe ipo, ila mashine haijaambiwa.

Sasa naandika sudo apt update. Mistari inapita: Get, Get, Get. Hakuna programu iliyoongezwa wala kubadilishwa. Jina la amri ndilo linalotupotosha. Ni kama umemtuma kijana Kariakoo akakuletee orodha ya mali na bei. Mzigo bado uko dukani. Orodha zenyewe zimekaa hapa, /var/lib/apt/lists. Kupandisha programu ulizonazo ni kazi ya upgrade, amri nyingine kabisa.

Narudia install. Inaniuliza Y au n, lakini kabla sijajibu nasoma mstari wa juu yake: megabaiti ngapi zitashushwa. Bando ni langu. Wingi huo unatokana na tegemezi, yaani programu nyingine ambazo VLC inazihitaji, maana haiji peke yake. Ukimpa dpkg, chombo cha chini kinachoweka faili uliyonayo tu, faili moja, atalalamika tegemezi halipo, kisha atakuachia uhangaike. Apt, iliyoingia na Debian 2.1 mwaka 1999, inazitafuta yenyewe.

Ndiyo, dada, uliza. Anasema anwani ya ghala, yaani seva ambako apt inashusha vifurushi vya programu, ni http, si https yenye usimbaji. Je, mtu akichomeka kitu chake njiani? Swali zuri. Ghala lina faili la Release lenye sahihi ya kidijitali, na ufunguo wa kuihakiki tayari uko kwenye mashine yako. Release inabeba alama za SHA256, kama alama za vidole, za orodha, orodha zinabeba za kila kifurushi. Ikibadilika herufi moja, apt inakataa. Hatari iko kwingine: unaponakili amri mtandaoni inayoongeza ghala la mtu usiyemjua pamoja na ufunguo wake. Skripti za vifurushi vyake zitaendeshwa kama root, mwenye mamlaka yote kwenye mashine. Hapo umemkabidhi nyumba.

Na kwa kuwa ulinzi uko kwenye sahihi, mzigo unaweza kupitia popote. Kwenye ile mashine ya pembeni nimeweka apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala za vifurushi vilivyoshushwa, inasikiliza mlango 3142. Mmoja wenu akishusha VLC, wengine mtaichukua kutoka pale, bila bando. Nani anaanza?