Mbwa Anayeamua Akiwa Mbali Nawe: Mhadhara Kuhusu Maandalizi ya Utii wa Ngazi za Juu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi nyinyi mliokubali kuwaacha mbwa wenu nje kwa muda. Tutawaita baadaye.

Wengi wenu mbwa wenu tayari wana cheo cha kwanza katika mashindano ya utii wa mbwa. Mbwa anatembea mguuni, akiitwa anakuja, akiambiwa akae anakaa. Sasa mnataka kupanda ngazi, na swali ninaloulizwa kila mara ni hili: nianze na zoezi gani? Jibu langu huwa haliwafurahishi watu, lakini nalirudia kwa sababu naliamini. Usianze na zoezi. Anza kwa kumfundisha mbwa kufanya uamuzi mwenyewe, wewe ukiwa mbali na umenyamaza.

Katika ngazi ya kwanza mwongozaji, yaani mtu anayemwongoza mbwa ulingoni, yuko jirani na mbwa takriban muda wote. Mbwa anasoma bega lako, hatua yako, hata pumzi yako. Ukigeuka, mwili wako umeshamwambia kabla hajaamua lolote. Huko juu msaada huo unakatika. Mbwa yuko upande wa pili wa ulingo, au amekupa mgongo anakimbia kwenda mbali nawe, au ameinamisha pua akinusa vifaa ili achague kimoja chenye harufu yako, na wewe huwezi kumsaidia. Mbwa aliyezoea kusaidiwa atasimama akugeukie akuulize: sasa nifanye nini? Na kanuni hazikuruhusu kumjibu. Amri ni moja tu. Ukirudia, zoezi limepotea.

Nitatumia kanuni za American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, kama kielelezo, maana mpangilio wake ni rahisi kuueleza. Wanaoshindana chini ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, au Kennel Club ya Uingereza watakuta mazoezi na hesabu tofauti, lakini kazi ya maandalizi ni ileile. Kule Marekani kuna ngazi tatu za msingi: Novice, Open na Utility. Kila moja ina alama 200. Ili kufuzu unahitaji alama 170, na katika kila zoezi lazima upate zaidi ya nusu ya alama zake. Ukifuzu mara tatu katika ngazi, mbwa anapata cheo cha ngazi hiyo: CD (Companion Dog) kwa Novice, kisha CDX (Companion Dog Excellent) kwa Open, kisha UD (Utility Dog) kwa Utility. Sharti hilo la nusu ndilo linalowaliza watu. Mbwa anaweza kufanya kazi safi tangu mwanzo, kisha akaleta kifaa kimoja kisicho chake, na siku ikaishia hapo, hata kama jumla ya alama ingempitisha.

Juu ya UD kuna UDX (Utility Dog Excellent), ambapo mbwa lazima afuzu Open na Utility siku moja, tena mara 10. Halafu kuna ubingwa wa OTCH (Obedience Trial Champion), unaodai alama 100 zinazopatikana kwa kuwapita wengine, pamoja na nafasi za kwanza. Mbwa wa kwanza kuupata alikuwa wa aina ya golden retriever, mwaka 1977. Mchezo wenyewe ni wa zamani zaidi. Mwaka 1933, huko Mount Kisco katika jimbo la New York, mama mmoja aliyeitwa Helene Whitehouse Walker aliandaa jaribio la utii kwa sababu alichoka kusikia kwamba mbwa wake wa aina ya poodle ni wa urembo tu. Mwaka 1936 American Kennel Club ikapitisha kanuni rasmi. Mwaka uliofuata Walker na mwenzake Blanche Saunders walifunga safari na mbwa wao, wakiizunguka Marekani na kuonyesha watu kazi hii. Nawaambia haya kwa sababu mchezo huu ulianza na mtu aliyeamini kwamba mbwa wake ana akili. Imani hiyo bado inahitajika. Bila hiyo hutamwachia mbwa nafasi ya kufikiri, utamshikilia tu.

Twende kwenye kazi. Zoezi la ishara kwanza, nitalipita haraka. Mbwa amesimama upande mmoja, wewe uko mbali, na kwa mkono tu unamwambia alale, akae, aje. Sauti hakuna. Watu hufundisha mkono, mkono, mkono. Tatizo mara nyingi ni macho. Mbwa anaujua mkono vizuri sana, ila wakati unauinua yeye anamtazama mtu aliyefungua kiti nje ya ulingo. Kwa hiyo fundisha kutazama kama kazi yake mbwa. Simama mbali, nyamaza, usimwite jina. Akigeuza macho kwako kwa hiari yake, hapo hapo toa ishara, na akiitii mlipe vizuri. Baada ya muda anaelewa kwamba ishara ni mlango wa zawadi na inampata anayeangalia. Ukimwita jina kila anapopotea, umejipa wewe kazi ambayo mwamuzi hatakuruhusu uifanye.

Zoezi la kulala njiani lina ugonjwa wake. Mbwa anaitwa, anakuja mbio, katikati anaambiwa alale. Akishaelewa kwamba amri ya kulala inakuja, anaanza kuja taratibu akiisubiri, na alama zinaondoka. Dawa ni uwiano. Mwite moja kwa moja mara nyingi sana kuliko unavyomlaza, na ukimlaza, wakati mwingine mrushie zawadi nyuma yake pale pale alipolala. Usimfundishe kulala ndani ya mbio mpaka kulala kwenyewe kuwe kwa kasi mahali popote, bila mbio.

Sasa kunusa, na hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Katika Utility, vifaa vya kawaida ni dambeli ndogo, vijiti vyenye vichwa viwili ambavyo mbwa hubeba mdomoni, za seti mbili, za ngozi na za chuma. Mwongozaji anashika kimoja mpaka kibebe harufu yake. Vingine vinane vinatandazwa chini, vikiwa vimeachana kwa sentimita kama 15, umbali wa mita kama 6 kutoka mahali mliposimama. Chako kinaingizwa katikati yao, na wakati huo wewe na mbwa mmevipa mgongo. Mnageuka, unamtuma. Analeta cha kwanza, kisha zoezi linarudiwa kwa kifaa cha seti ya pili.

Watu wengi hawajui kwamba vile vinane havikosi harufu. Anayevitandaza anavigusa kimoja kimoja. Kwa hiyo swali analoulizwa mbwa si kipi kina harufu ya mtu. Anaulizwa kipi kina harufu ya mtu wake, tena mbichi. Ukifanya mazoezi kwa kuvishika vingine kwa koleo tu, kila siku, unamfundisha swali jepesi, halafu unampa swali gumu siku ya mashindano. Koleo ni la kuanzia. Mapema kidogo mwombe mwenzako avishike vile vingine kwa mikono yake, mpaka mbwa azoee.

Namna ninayoipendekeza ni ubao. Chukua ubao wenye matundu, funga vifaa kadhaa juu yake kwa kamba fupi imara, kisha weka chako bila kukifunga. Mbwa akijaribu kunyanyua kisicho sahihi, hakinyanyuki. Hakuna aliyemkemea. Kifaa chenyewe kimemwambia hapana. Anaendelea kutafuta, anafika kwenye chako, kinanyanyuka, nawe unamsifu kwa moyo wote. Mtazame uso wakati huo. Mwanzoni anapita juu ya vifaa kwa kasi, mdomo wazi, anaotea tu. Siku moja utaona mdomo unafunga, pumzi zinakuwa fupi fupi puani, kichwa kinapita kifaa, kinasita, kinarudi nyuma kidogo. Kule kurudi ndiko kunakokwambia anachambua. Ukiona kurudi huko, usiseme neno. Wengi hushindwa hapa kwa furaha, wanamsifu kabla hajanyanyua, naye anaacha kunusa anaanza kusikiliza sauti ya mwenye mbwa. Kisha ulingoni sauti haipo.

Na akileta kisicho chake? Kipokee kwa utulivu, kiweke pembeni, mtume tena ukiwa umepunguza idadi ya vifaa. Usikunje uso. Mbwa aliyeogopeshwa kwenye vifaa vya kunusa ana njia mbili: anakataa kunyanyua chochote, au ananyakua cha karibu ili mambo yaishe. Zote mbili huchukua muda mrefu sana kuponya, na ninasikitika kila ninapoziona, kwa sababu pua ya mbwa haikuwahi kuwa na tatizo.

Kumtuma mbele ni jirani wa kunusa. Mbwa anakuacha, anapita katikati ya vikwazo viwili vilivyo kulia na kushoto, anakimbia mstari ulionyooka mpaka karibu na mwisho wa ulingo, unamwambia kaa, kisha unamwonyesha aruke kipi. Zoezi zima lina alama 40. Fundisha kuanzia mwisho. Weka kifuniko kidogo chenye chakula chini ya uzio, simama na mbwa hatua chache kutoka hapo, mwache aende. Kila siku wewe ndiye unayerudi nyuma. Kifuniko kinabaki palepale. Vikwazo vije baadaye sana, na mwanzoni viwe pembeni kabisa, maana mbwa anayependa kuruka ataviona na kupinda. Kisha badilisha uwanja, badilisha uzio, badilisha upande jua linakotoka, ili mbwa ajue kwamba kazi ni kwenda mbali mpaka aambiwe vingine.

Mwili wake pia. Urefu wa kikwazo unafuata urefu wa mbwa begani, mbwa wa aina kadhaa nzito wakipunguziwa, na kikwazo cha kuruka kwa upana huwekwa mara mbili ya hapo. Msiwarushe watoto wa mbwa urefu kamili. Mifupa bado inakua, na kwa mbwa wakubwa inakawia zaidi. Daktari wa mifugo amwangalie nyonga na viwiko kabla hamjaanza. Kucha ziwe fupi. Mbwa aliyeanza kukwepa kikwazo alichokizoea, mpeleke kwa daktari kabla hujamwita mkaidi.

Zawadi haziingii ulingoni: si chakula, si mpira. Wenye mbwa hulalamika kwamba nyumbani anafanya kila kitu na ulingoni anazima. Ni kweli, kwa sababu nyumbani mfuko ulikuwa kiunoni. Anza kuacha zawadi mezani, nje ya eneo la mazoezi. Fanya kipande kimoja kizuri cha zoezi, mshangilie, kisha kimbieni pamoja mkaichukue. Ongeza kipande kimoja, kisha viwili, ukichanganya, wakati mwingine kimoja tu. Kati ya zoezi na zoezi kanuni zinakuruhusu kumsifu na kumpapasa. Itumie nafasi hiyo. Naona watu wakitembea kutoka zoezi hadi zoezi wamenuna kwa wasiwasi, na mbwa anaamini amekosea.

Jifunzeni kuusoma wasiwasi wenyewe. Kulamba mdomo, kupiga miayo, kunusa ardhi isiyo na kitu, kujikuna ghafla: mbwa anakwambia mzigo umezidi. Punguza hapo hapo, kipande kiwe kidogo, umbali uwe mfupi. Na usiendeshe zoezi zima kila siku. Mimi ningetaka mbwa wenu wafanye zoezi zima mara chache, na vipande vyake mara nyingi, maana kosa dogo ndani ya zoezi zima hurudiwa pamoja nalo mpaka likawa sehemu yake.

Mkishindwa ulingoni, tokeni kwa upole, mpeni mbwa zawadi yake mezani kama kawaida, na siku hiyo hiyo andikeni ni kipande gani kilikatika: macho, pua, mstari au kikwazo. Msijiandikishe kwa mashindano mengine mpaka kipande hicho kisimame katika viwanja vitatu vigeni kwenu.

Tukachukue mbwa sasa. Tutaanza na ubao, na wenye mbwa ambao hawajawahi kunusa vifaa watangulie.