Popo wa Pemba na Miti ya Makaburini

Sikubali kwamba kazi ya kumlinda popo wa Pemba imekwisha. Kila nikisimama kumsemea naambiwa, "Bwana, si wamesharudi?" Wamerudi, alhamdulillahi. Mwaka 1996 waliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Wanavijiji wakaunda vilabu vya kuwalinda na wawindaji, kijiji cha Kidike wakawa wanapokea wageni wa kuwatazama kwa kiingilio, na miaka kumi baadaye wakakadiriwa kuwa 18,000 na zaidi. Mwaka 2008 wakatolewa katika daraja lile, ila wamebaki kwenye orodha ya walio hatarini. Na popo huyu hayupo popote duniani ila kisiwani kwetu.

Sasa nisikilizeni kuhusu miti. Huyu si popo wa pangoni wala wa darini. Hulala mchana kutwa akining'inia kwenye miti mirefu, mamia kwa pamoja, na akishauzoea mti hurudi pale pale. Msitu wa asili tuliufyeka tukapanda mikarafuu. Miti mikubwa iliyosalimika ni ya msitu wa Ngezi na ya makaburi ya zamani, ambako wazee walikataza panga. Siku hizi tunaikata hata hiyo: huyu anataka mbao, yule kuni. Mtakataza kuwinda, lakini mti ukianguka popo alale wapi? Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Hawezi kuifidia hasara yetu kwa haraka.

Najua kuna anayenung'unika: "Wanatumalizia maembe!" Hebu pita asubuhi chini ya mwembe utazame. Utaona vidonge vya makapi makavu vilivyobanwa, alama za meno bado zimo. Popo huliponda tunda kinywani, akafyonza maji, akatema makapi. Hupenda lililoiva, wewe embe la kupeleka sokoni unalichuma likingali gumu. Na kokwa za mikungu na mbegu za mikuyu anazitawanya nani usiku, kama si yeye?

Naonyeshwa saa. Lakini masheha mliopo, msitoke kabla hamjaniandikia: katika shehia yako popo wamelala mti gani, na ardhi hiyo ni ya nani. Karatasi zipo pale mlangoni.