Jinsi ya kupaka michoro kwenye nguzo za daraja la juu ikadumu

Habari zenu, karibuni. Leo tuko chini ya daraja la juu, na kazi yetu ni nguzo hii ya zege. Miji yetu imepata madaraja haya kwa kasi: Dar es Salaam ilipata Mfugale pale TAZARA mwaka 2018, Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, na Nairobi ikapata barabara ya juu ya kilomita 27 mwaka 2022. Wenye magari wamepata nafuu. Anayepita chini kwa miguu ameachiwa kijivu, masizi na mabango yaliyochanikachanika, naye ndiye anayeziangalia nguzo hizi kila siku.

Anza na ruhusa. Kwa Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala wa TANROADS, mitaa mingi ya mjini iko chini ya wakala wa TARURA. Kenya utaanzia kwa mamlaka za barabara, KeNHA au KURA. Peleka mchoro uliokamilika, vipimo na aina ya rangi. Onyesha pia sehemu ambazo hutazigusa: maungio ya daraja, matundu ya kutolea maji, namba za ukaguzi, na ile mistari myeusi na ya njano ya tahadhari kwa madereva. Ukiona ufa, usiuzibe. Upige picha, umpelekee mhandisi, kwa sababu ufa ndio unaomweleza hali ya nguzo.

Lakini kabla hujaupeleka mchoro huo, nenda kwa mama lishe, fundi viatu na vijana wa bodaboda wanaokaa hapo chini. Waonyeshe, na wakikwambia badilisha, badilisha. Kule San Diego, Marekani, mtaa wa Barrio Logan ulipasuliwa na barabara kuu, kisha na daraja la Coronado lililofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1970 wakazi waliikalia ardhi ya chini ya daraja, baada ya kuona panaandaliwa kituo cha polisi wa barabarani mahali walipoahidiwa bustani. Kuanzia 1973 wakazipaka nguzo historia yao. Michoro ya bustani hiyo, iitwayo Chicano Park, ipo mpaka leo, na tangu 2016 eneo hilo linatambuliwa kitaifa kuwa la kihistoria. Imedumu kwa sababu ina wenyewe.

Sasa tuje kwenye zege, na hapa naomba msiruke. Sogeza kamera. Napitisha kiganja mara moja tu, tazama: cheusi chote. Ni masizi ya moshi wa magari yaliyochanganyika na mafuta, na rangi ikikaa juu yake itabanduka kama ganda la kitunguu. Na huu unga mweupe unaotoka nikikwangua kwa kucha ni chumvi inayosukumwa nje na maji yaliyomo ndani ya zege. Chumvi iondoe kwanza kwa brashi kavu. Ukianza na maji, unairudisha ndani. Baada ya hapo sugua kwa maji na sabuni kali ya kukata mafuta, suuza mpaka maji yatoke safi, uache ikauke.

Utajuaje imekauka? Chukua kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, kibandike kwa tepu pande zote nne, ukiache mpaka kesho yake. Ukikuta umande kwa ndani, au rangi ya zege imekolea, subiri. Na kama nguzo ni mpya, zege lipewe siku 28 kwa uchache kabla ya rangi yoyote.

Rangi gani? Ya maji, ya nje, ya akriliki, juu ya andakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini, inayohimili alkali, ile kemikali kali ya saruji. Najua wengi mnapenda ule mng'aro wa michoro ya Tingatinga, nami naupenda mno. Ila wachoraji wale walitumia rangi za mafuta, zile za baiskeli, juu ya hadibodi. Kwenye zege, alkali huyala mafuta na kuyageuza sabuni, rangi ikalainika na kubanduka. Chukueni ndege na nukta za Tingatinga, rangi ya mafuta iacheni dukani. Kwa sehemu zinazopigwa jua la mchana, tegemea zaidi rangi za udongo: nyekundu ya udongo, manjano iliyokolea, kahawia. Nyekundu kali ya bei poa hupauka ikawa waridi.

Vipimo. Nguzo yenye kipenyo cha mita 1.5 ina mzingo wa kama mita 4.7. Ukipaka kimo cha mita 3, ni takriban mita 14 za mraba. Zege lenye vinyweleo hunywa rangi, kwa hiyo hesabu lita moja kwa mita 6 za mraba: lita mbili na nusu kwa kila mkono wa rangi.

Nguzo ya duara huwezi kuiona yote kwa mara moja. Chora kwanza kwenye karatasi, uizungushe kwenye kopo la maziwa, ulizungushe kopo taratibu. Uso wa mtu usizidi theluthi ya mzingo, la sivyo masikio yatapotelea nyuma. Ukiridhika, gawa mzingo wa nguzo mara kumi, na karatasi vivyo hivyo, shusha timazi, piga mistari kwa chaki, kisha hamisha mchoro mraba kwa mraba.

Mita ya chini ndiyo inayoteseka: matope, mabega, mabango. Ifanye pindo, kama la kanga: umbo moja la rangi iliyokoza linalojirudia, ambalo yeyote anaweza kulirudishia. Maneno yaweke upande wa watembea kwa miguu. Dereva asipewe cha kusoma.

Wakati wa kupaka, vaeni fulana za kuakisi mwanga, wekeni koni, na jukwaa lisitokeze barabarani.

Mwisho, pindo lipake nta maalumu ya kinga: bango likibandikwa, nta huoshwa kwa maji ya moto ikatoka pamoja na gundi ya bango, kisha unapaka nyingine. Andika namba ya kila rangi uliyotumia, na kopo dogo lililofungwa vizuri umwachie mtu wa pale kijiweni. Bango likibandikwa usiku, litoke asubuhi ile ile. Likikaa wiki, mengine yatalifuata.