Maji ya Mwanza hayasubiri nyuzi 100

Jamani, kabla hamjafungua programu ya kuigiza uchemkaji wa maji kwenye kompyuta, andikeni presha. Nitalirudia hili mpaka mnichoke. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni kilopaskali 88 hivi, na maji ya sufuria iliyo wazi huchemka karibu nyuzi 96. Sasa chukueni bomba wima la mita 2, limejaa maji, juu liko wazi. Uzito wa maji yenyewe unapandisha presha ya chini hadi kilopaskali 107, na kule hayachemki mpaka yafike nyuzi 101 na kitu. Aliyejaza nyuzi 100 kwenye programu kwa bomba zima kakosea chini, kakosea na juu.

Mtasema, nyuzi 5 ni kitu gani? Ngojeni. Viputo vya kwanza vikikua vinasukuma maji yamwagike juu. Presha ya chini inashuka ghafla, maji ya nyuzi 101 yanajikuta yameshapita kiwango chake cha kuchemka, yanageuka mvuke kwa mkupuo, bomba linatapika. Maji baridi yanaingia, kimya kidogo, linaanza tena. Mwanafunzi anaona grafu inaruka, anapunguza hatua ya muda (muda kati ya hesabu moja ya programu na inayofuata), anailaumu kompyuta! Kwenye bomba, baneni mlango wa kuingilia kwa sahani yenye tundu. Kwenye hesabu, acheni kiwango cha kuchemka kifuate presha ya kila seli, yaani kila kipande kidogo cha bomba kwenye programu.

"Lakini boila ya kiwanda cha samaki imefungwa." Sawa, kwa baa 7 (baa 1 ni kilopaskali 100) mwinuko hausumbui sana. Ila geji husoma juu ya presha ya hewa: ongezeni 0.88, si 1.01.

Na msininakilie namba za vinu vya nyuklia. Kwa baa 70, asilimia 1 ya uzito ikiwa mvuke, na maji na mvuke vikienda kasi moja, mvuke unashika kama asilimia 17 ya nafasi. Kwa presha yetu, asilimia 1 hiyohiyo inashika 95. Mvuke hukimbia kuliko maji, kwa hiyo tumieni fomula ya Zuber na Findlay ya 1965, inayozingatia tofauti hiyo ya kasi: C0, namba yake ya mgawanyo wa mvuke ndani ya bomba, ikiwa 1.2, ile 95 inashuka chini ya 80.

Ukutani mwa bomba, haraka: joto linalotoka ukutani ligawanyeni mafungu matatu, la kupasha maji, la kupasha maji yanayojaza pengo la kiputo kilichong'oka, na la kutengeneza mvuke. Kwa presha ndogo viputo hung'oka vikiwa vikubwa, hata milimita kadhaa. Seli ya ukutani isiwe nyembamba kupita kiputo. Fomula ya Chen ya 1966, ya joto linalotoka ukutani kwenda kwenye maji yanayochemka, itumieni mpaka utando wa maji ukauke, basi. Baada ya hapo ukuta unapanda mamia ya nyuzi, na hilo linataka siku yake. Maswali?