Kutoka Dawatini Hadi Kitandani kwa Bibi: Mhadhara kuhusu Mafua ya Msimu

Wakubwa zangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, walezi na walimu, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumze kuhusu mafua na magonjwa mengine ya njia ya hewa yanayozunguka kila msimu kati ya shule na nyumbani. Nianze na swali ambalo sisi wahudumu wa afya huulizwa kila mara: ugonjwa huu umeingiaje nyumbani kwangu?

Swali hilo limewahi kufanyiwa kazi kwa uvumilivu mkubwa. Katika mji wa Cleveland, Marekani, daktari John Dingle na wenzake walizifuatilia familia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi 1957, wakiandika kila aliyekohoa, kila aliyepata homa, na nani alifuata baada ya nani. Picha iliyojitokeza ilikuwa wazi. Aliyeingiza mafua nyumbani mara nyingi hakuwa baba wala mama, pamoja na kwamba hao hukutana na watu huko nje kutwa nzima. Alikuwa mtoto wa shule. Kutoka kwake ugonjwa ulikwenda kwa wadogo zake, kisha kwa mama.

Simlaumu mtoto. Anakaa bega kwa bega na wenzake kwa saa nyingi, mwili wake bado haujakutana na virusi vingi, na akishaambukizwa hutoa virusi kwa siku nyingi kuliko mtu mzima. Ninachotaka tukitazame leo ni taratibu zetu sisi wakubwa: kanuni za mahudhurio, madirisha ya madarasa, ruhusa za kazini, kalenda ya chanjo. Virusi havina miguu. Vinapita pale tulipoviachia njia, na anayeumia zaidi mara nyingi si yule aliyekohoa darasani.

Tuelewane kwanza kuhusu magonjwa yenyewe. Mafua ya kawaida, ya pua kuchuruzika na koo kuwasha, huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200. Mtoto anaweza kuyapata mara 6 hadi 8 kwa mwaka na bado akawa mtoto mwenye afya njema, kwa hiyo mzazi asidhani amemlea vibaya. Influenza, yaani homa ya mafua, ni jambo zito zaidi. Hiyo huja ghafla. Mtoto alikuwa anakimbia mchana, jioni yuko hoi, mwili unachemka, kichwa na misuli vinauma, hataki hata kuinuka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka influenza ya msimu huwapata watu wapatao bilioni 1, kati yao milioni 3 hadi 5 huugua vibaya, na watu 290,000 hadi 650,000 hufariki kwa matatizo ya upumuaji. Pembeni yake kuna UVIKO-19, na kuna kirusi kiitwacho RSV ambacho karibu kila mtoto huwa ameshakipata kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa wengi RSV ni mafua tu. Kwa kichanga wa wiki chache inaweza kuziba vijia vidogo vya hewa ndani ya mapafu hadi ashindwe kunyonya.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Ni alfajiri. Mtoto ameamka na homa. Mzazi anatazama saa, anafikiria kazi, anafikiria mtihani wa wiki ijayo, anafikiria cheti cha mahudhurio ambacho mtoto amekipigania tangu muhula uanze. Anampa dawa ya kushusha homa. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo homa inashuka, mtoto anachangamka, anavaa sare, anapita getini akiwa anaonekana mzima. Dawa ile imeshusha joto, lakini virusi haikuvigusa. Saa nne asubuhi nguvu yake inapungua, homa inapanda upya, mtoto analaza kichwa juu ya dawati, na tangu saa mbili amekuwa akipumua hewa moja na wenzake wote wa darasa lile. Mwalimu anapiga simu nyumbani. Simu haipokelewi, maana kazini kwa mzazi simu haziruhusiwi. Mtoto anabaki pale pale mpaka kengele ya mwisho.

Niambieni, hapo nani amekosea? Mzazi anayekatwa ujira akikosa siku moja hakutenda hivyo kwa ukatili. Alibanwa pande zote. Lakini shule inayompa zawadi mtoto kwa kutokukosa hata siku moja imemwambia mzazi huyo, bila kutamka, kwamba mtoto mwenye homa aje. Walimu, naomba kwa dhati zawadi za namna hiyo ziondolewe. Msifuni mtoto kwa bidii yake, kwa uandishi wake, kwa alivyomsaidia mwenzake. Msimsifu kwa kuwa hajawahi kuugua, wala kwa kuja darasani akiwa mgonjwa. Na aliyebaki nyumbani atumiwe kazi za darasa bila kuombwa mara tatu, ili kupona kusimgharimu masomo.

Mwongozo unaotumika sehemu nyingi ni rahisi kukumbuka: mtoto arudi shuleni akiwa amemaliza saa 24 bila homa, na bila kupewa dawa ya kuishusha, na awe anaendelea vizuri. Kikohozi peke yake kisimzuie kwa muda mrefu, kwa sababu kinaweza kubaki wiki mbili hata tatu baada ya ugonjwa wenyewe kwisha.

Hata hivyo, kumbakiza mgonjwa nyumbani hakutoshi. Mwenye influenza huanza kuambukiza takriban siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku 5 hadi 7 baada ya dalili kuanza, watoto wadogo zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba hata shule yenye uangalifu kuliko zote itakuwa na watoto wanaoambukiza huku wakicheza na kucheka. Ndiyo maana nazungumzia hewa, na ndiyo maana nazungumzia chanjo.

Hewa nitaieleza kwa ufupi kwa sababu dawa yake inajulikana. Mtu anapokohoa, anapoimba, hata anapoongea tu, hutoa matone makubwa yanayoanguka karibu naye, pamoja na chembechembe ndogo sana zinazoelea na kujikusanya chumbani. Darasa lililofungwa linazihifadhi. Fungueni madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, na baridi ikizidi, fungueni kidogo kidogo na wakati wa mapumziko fungueni kabisa. Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kula na baada ya kupenga kamasi. Sabuni hupasua utando wa mafuta unaokifunika kirusi cha influenza. Mtoto afundishwe kukoholea kwenye kiwiko. Mwenye mafua akilazimika kukaa karibu na wengine, avae barakoa, isipokuwa mtoto mdogo wa chini ya miaka 2, huyo asivalishwe.

Kwenye chanjo nitakaa kidogo, maana hapa pana habari ambayo wazazi wengi hawajawahi kusimuliwa.

Mwaka 1968, wimbi jipya la influenza lilipokuwa linaikaribia Marekani, mtafiti Arnold Monto na wenzake waliamua kuwachanja wanafunzi wa mji mdogo wa Tecumseh, jimbo la Michigan. Walifikiwa watoto 86 katika kila 100. Mji jirani wa Adrian haukuchanja wanafunzi wake kwa namna hiyo. Wimbi lilipopita, ugonjwa ulikuwa umeipiga Adrian kwa takriban mara tatu ya ulivyoipiga Tecumseh, na tofauti ile ilionekana mpaka kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa. Miaka 40 baadaye, huko Kanada, daktari Mark Loeb alilipima wazo hilo kwa utafiti ambao kura ya bahati nasibu iliamua jamii ipi ipate chanjo ipi, katika jamii za Wahutterite, wakulima wanaoishi pamoja na kumiliki mali pamoja. Katika baadhi ya jamii watoto walipewa chanjo ya influenza, katika nyingine walipewa chanjo ya ugonjwa mwingine kabisa. Pale watoto walipochanjwa influenza, watu ambao hawakuchanjwa walikingwa kwa takriban asilimia 60.

Japani nayo iliwachanja wanafunzi wake nchi nzima kuanzia 1962. Mwaka 1987 sheria ililegezwa, wazazi wakaruhusiwa kukataa, na mwaka 1994 mpango ukakoma. Watafiti walipozitazama takwimu za vifo, waliona kwamba katika miaka ya chanjo vifo vya majira ya baridi vilikuwa vimeshuka, hasa kwa wazee, na chanjo ilipoachwa vikapanda tena. Makadirio yao, yaliyochapishwa 2001, ni kwamba mpango ule ulikuwa ukizuia vifo 37,000 hadi 49,000 kila mwaka. Wapo wataalamu wanaobishana kuhusu ukubwa wa hesabu hiyo, na ni haki yao. Mwelekeo wenyewe lakini unafanana na wa Tecumseh na wa Kanada: sindano aliyochomwa mtoto wa darasa la tatu ilimkinga pia bibi yake aliyelala chumba cha pili.

Chanjo hii si ngao kamili. Katika mwaka ambao imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua hadi kuhitaji daktari kwa takriban asilimia 40 hadi 60. Virusi vya influenza hubadilika, kwa hiyo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka kupendekeza muundo wake, Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa nusu ya kusini. Mwili huchukua takriban wiki mbili kujenga kinga, basi mtu asingoje mpaka nyumba nzima imeugua ndipo aitafute. Na wale wanaoogopa kwamba sindano huleta influenza: virusi vilivyomo vimeuawa, haviwezi kuzaliana. Maumivu ya mkono na uchovu wa siku moja mbili ni mwili unajifunza.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kupewa chanjo ya influenza. Ulinzi wake unatoka kwa mama akichanjwa akiwa mjamzito, kwa sababu kinga hupita kwa mtoto tumboni, na unatoka kwa kaka na dada zake. Nyumba yenye kichanga, mzee, mwenye pumu, mwenye kisukari au mwenye ugonjwa wa moyo, hiyo ndiyo ijitahidi zaidi kupata chanjo.

Kuhusu dawa, naomba mnisikilize. Antibiotiki haziui virusi. Hazishushi influenza, hazikaushi kamasi, hata kamasi likiwa la kijani. Msimpe mtoto vidonge vilivyobaki kabatini. Mnawafundisha bakteria usugu, na siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli dawa hiyo hiyo itagoma. Aspirini pia asipewe mtoto mwenye influenza, kwa sababu imehusishwa na ugonjwa nadra lakini mbaya wa ini na ubongo. Asali hutuliza kikohozi, ila isiguswe na mtoto wa chini ya mwaka 1. Zipo dawa za kupambana na kirusi cha influenza, kama oseltamiviri, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Ndiyo sababu mgonjwa aliye hatarini hapaswi kusubiri wiki nzima aone itakuwaje.

Sasa namna ya kujua mtoto anahitaji hospitali. Hili mlifanye kwa mikono yenu. Subirini atulie, asiwe analia wala ananyonya. Pandisheni nguo mkione kifua na tumbo. Tazameni saa yenye mshale wa sekunde na hesabuni kila kifua kinapoinuka, kwa dakika nzima, msihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwa sababu watoto wadogo hupumua bila mpangilio. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, anapumua haraka mno. Tazameni pia sehemu ya chini ya kifua: ikiwa inabonyea ndani anapovuta pumzi, mapafu yana taabu. Hayo, pamoja na kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, midomo kubadilika rangi, au usingizi ambao haamki vizuri, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Na yupo yule aliyeanza kupata nafuu kabisa, kisha siku chache baadaye homa na kikohozi vikarudi kwa nguvu. Huyo apelekwe, maana mara nyingi bakteria wameingia kwenye mapafu yaliyochoshwa na kirusi.

Kabla sijapokea maswali, tufanye zoezi. Kila mmoja amgeukie jirani yake. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kwa hiyo mkipata 35 hesabuni upya. Ninaitazama saa ya ukutani. Mshale ukifika juu, anzeni, na mwalimu wa pale mlangoni atatuambia dakika ikiisha.