Sahani ya Bure Si Kipimo cha Umaskini

Walimu wenzangu, niwaulize. Mkisoma kwamba katika shule fulani ya Marekani wanafunzi wote, asilimia 100, wanakula bure, mtasema wote ni maskini? Msione haya. Mimi nilishasema hivyo hadharani, nikasahihishwa.

Mpango wa chakula cha mchana ulianza kwa sheria aliyoitia saini Rais Truman mwaka 1946. Kwa utaratibu wa leo, mzazi anajaza fomu ya kipato. Kisipozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini wa serikali, mtoto anakula bure. Kikiwa kati ya 130 na 185, analipa bei nafuu isiyozidi senti 40. Kwa hiyo hata huyo anayekula bure huenda yuko juu ya mstari. Fomu ilitungwa ili watoto wapate kula, haikutungwa kwa ajili yetu sisi wa takwimu. Ila kila shule ilikuwa nayo hesabu ya wanaokula bure, tayari na bila gharama, nasi tukaidandia kuwa kipimo cha umaskini.

Sasa mchukueni kijana wa miaka 16. Njaa anayo, lakini hataki wenzake wajue, na fomu inazeekea kwenye begi. Ndiyo maana sekondari huonekana ina maskini wachache kuliko shule ya msingi ya mtaa uleule.

Pigo kubwa lilitokana na sheria ya 2010. Kuanzia mwaka wa masomo 2014/15, shule yoyote nchini ambayo angalau asilimia 40 ya wanafunzi wake wametambuliwa moja kwa moja, mathalani kwa kuwa familia zinapata msaada wa chakula wa SNAP, iliruhusiwa kulisha wote bila fomu. Mwaka 2023 kiwango kikashushwa hadi 25. California na Maine zilikuwa zimeshaamua, tangu 2022, kwamba kila mtoto ale bure. Mtoto wa daktari na wa mfagizi wanapanga foleni moja. Kwa tumbo, heri tupu. Kwa mtafiti, kipimo kimevunjika.

Siku hizi nahesabu hao waliotambuliwa moja kwa moja. Nako kuna tundu: familia yenye mzazi asiye na hati za uhamiaji mara nyingi huogopa kuomba SNAP, hata pale mtoto ana haki nayo. Mtoto huyo yumo foleni, sahani mkononi. Kwenye jedwali langu hayumo.