Kufunga Kruzi kwenye Pikipiki Nyumbani: Tuanze na Kuachia

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie namna ya kujifungia kruzi kontroli, yaani kifaa cha kushikilia mwendo bila mkono wako, nyumbani, kwenye pikipiki ambayo haikutoka nayo kiwandani. Najua wengi mmekuja kusikia itashikaje mwendo. Mimi nitakaa zaidi kwenye namna itakavyoachia. Kushika ni kazi nyepesi, hata mpira ukikazwa kwenye mkono wa mafuta unashika. Fundi anapimwa kwenye kuachia: umegusa breki, umebana klachi, fyuzi imeungua, waya umechomoka. Je, injini inarudi sailensi, yaani mngurumo wa chini wa kusimama, au inaendelea kuvuta?

Kwanza tusichanganye vifaa. Spidi gavana, ile iliyolazimishwa kwenye matatu za Kenya mwaka 2004 kwa sheria za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, inazuia gari lisivuke mwendo fulani. Chini ya hapo dereva anafanya atakavyo. Halafu kuna vibanio vya akseleta, kama Kaoko na Atlas, vinavyokaa kwenye usukani na kuzuia mkono wa mafuta usijirudie. Hivyo vinapumzisha kiganja, na kwa urahisi wake si haba, ila havijui unakwenda kasi gani. Ukipanda kilima pikipiki inachoka, ukishuka inakimbia. Kruzi yenyewe inasoma mwendo, inaulinganisha na ule uliouchagua, kisha inavuta au kulegeza mafuta kufidia tofauti, na haiachi kufanya hivyo mpaka uizime.

Aliyeibuni kwa ajili ya magari alikuwa kipofu. Ralph Teetor, mhandisi wa Hagerstown katika jimbo la Indiana, Marekani, alipoteza macho akiwa na miaka mitano. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipanda gari la wakili wake, na wakili huyo alikuwa kila akizungumza anapunguza mwendo, akinyamaza kusikiliza anaongeza. Abiria mwenye macho labda angeangalia mashamba yakipita na kusahau. Teetor kila mtikisiko aliupokea kwa mgongo. Alipata hataza mwaka 1950, na Chrysler wakakiweka kifaa chake kwenye magari yao ya mwaka 1958. Pikipiki zilisubiri sana. Ni katika miaka ya 1980 ndipo zile kubwa za safari, Honda Gold Wing na wenzake, zilipoanza kupewa.

Sasa kazi. Mfano wangu ni Suzuki V-Strom 650 ya kebo, silinda mbili. Kama yako ni ya akseleta ya umeme, ambayo mafuta yanafunguliwa na mota badala ya kebo, kama Yamaha R6 ya mwaka 2006, basi huko kruzi ni habari ya swichi na programu ndani ya kompyuta ya injini, na leo sina la kuwaambia. Kifaa ninachokitumia kama mfano ni Audiovox CCS-100. Kilitengenezwa kwa ajili ya magari, lakini waendeshaji wa Marekani wamekifunga kwenye pikipiki za kila aina kwenye gereji zao za nyumbani. Kiwanda kimeacha kukitoa, vilivyokwishatumika bado vinazunguka. Kampuni ya Rostra nayo ilitoa cha mota ya umeme. Ukielewa hiki cha zamani, hicho kingine hakitakusumbua.

Kinafanyaje kazi? Injini inaponyonya hewa huku kipepeo cha mafuta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, kimefunguka kidogo tu, kwenye njia hiyo kunakuwa na vakyumu kali, yaani nguvu ya kunyonya. Kifaa kinaichukua vakyumu hiyo kuvuta kiwambo cha mpira ndani ya kopo, na kiwambo kinavuta kebo ya mafuta. Ndani ya kopo hilo kuna valvu ya kuruhusu hewa iingie, na valvu hiyo inafungwa kwa umeme. Umeme ukikatika kwa sababu yoyote ile, valvu inafunguka, hewa inaingia, kiwambo kinalegea, springi ya akseleta inafunga mafuta. Kwa hiyo kifaa kikifa, kinafia upande wa kuachia. Ndiyo maana nakipenda, pamoja na uzee wake.

Kina kasoro moja ya kuchekesha. Ukipanda kilima unahitaji mafuta mengi, kipepeo kinafunguka zaidi, na kadiri kinavyofunguka ndivyo vakyumu inavyopungua. Yaani nguvu ya kifaa inaisha pale pale unapoihitaji. Dawa yake ni tangi la akiba. Kata bomba la plastiki la inchi mbili, ziba pande zote mbili kwa vifuniko na gundi ya mabomba, toboa, weka nipeli. Kati ya injini na tangi weka valvu ya njia moja, ili vakyumu ikishaingia isirudi. Kwa silinda mbili chukua kutoka zote mbili, kila moja na valvu yake, usije ukaunganisha pumzi za silinda mbili zikavurugana. Kupima hakuhitaji mashine: puliza valvu kwa mdomo, upande mmoja hewa ipite, wa pili igome. Halafu nyonya mpira wa tangi na uuzibe kwa ncha ya ulimi. Tangi zima linaung'ang'ania ulimi. Likiachia baada ya muda mfupi, gundi yako ina tundu mahali.

Kebo. V-Strom ina kebo mbili za mafuta, moja ya kufungulia na nyingine ya kufungia. Msiiguse ile ya kufungia, na asije fundi akawaambia haina kazi. Kruzi ikigoma, ukizungusha mkono kufunga kwa nguvu, kebo hiyo inakirudisha kipepeo hata kifaa kikivuta. Kebo ya kopo iungwe kwenye gurudumu la kipepeo ikiwa na ulegevu wa milimita chache, ipite mbali na ekzosi, isikunjwe kwa ukali. Kisha washa injini, iache sailensi, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia. Mlio ukipanda hata kidogo, kebo imekaza au imepita njia mbaya. Usitoke nyumbani.

Nimefika kwenye waya wa breki, na hapa naomba mnivumilie. Kifaa kinajua umeshika breki kwa kusikiliza waya unaokwenda kwenye balbu ya breki, upande wa baada ya swichi. Usipobana breki, waya huo hauna volti. Kupitia nyuzi za balbu unagusa ethi, yaani upande hasi wa betri, na kifaa kinaiona ethi hiyo. Ukibana, volti 12 zinafika na kifaa kinaachia papo hapo. Sasa, nusu yenu mmebadilisha balbu mkaweka LED. LED haipitishi umeme kama uzi wa balbu ya zamani, kwa hiyo kifaa hakioni ethi, kinadhani waya umekatika, na kinakataa kushika kabisa. Watu wanafungua pikipiki nzima wakitafuta hitilafu, kumbe ni balbu.

Wengi wanaweka rilei ya pini tano, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ili kuigiza ile ethi. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi. Umeongeza kitu kimoja zaidi kati ya mguu wako na kuachia, na koili ya rilei ikikatika, habari ya breki haifiki. Rudisha balbu ya uzi. Tena ina faida ya bure: siku balbu ikiungua (zote mbili, kama taa yako ina mbili), kruzi itakataa kushika, na utajua taa yako ya breki imekufa kabla lori la nyuma halijajua.

Swichi za breki ni mbili, ya mkono na ya mguu, na zote zipimwe kwa mita. Ya mguu ina springi na nati ya kurekebisha. Irekebishe taa iwake kabla pedi hazijaanza kuuma. Vumbi la barabara zetu linaziua swichi hizi mapema, basi zisafishe kwanza, kruzi baadaye.

Klachi: ukiibana kruzi ikiwa imeshika, injini inabaki bila mzigo na inapiga kelele juu. Kifaa kina waya wa kusoma mizunguko ya injini kutoka kwenye koili ya plagi. Mizunguko ikiruka ghafla, kinaachia. Ufunge waya huo hata kama unao wa kusoma spidi. Waya zilizobaki, yaani umeme wa swichi kuu wenye fyuzi yake, ethi na waya wa spidi, ni kazi ya kawaida ya lehemu na mpira wa kusinyaa. Vijiswichi vidogo vya pembeni unavipanga kufuatana na silinda na idadi ya mipigo ya spidi kwa maili. Vitufe viweke vidole vinapofika.

Jaribio la kwanza lifanyike barabara iliyonyooka, kavu, isiyo na watu, asubuhi. Kifaa hakishiki chini ya kama kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo nenda 65. Bonyeza, kisikie kinashika, hapo hapo gusa breki ya mkono. Rudia kwa mguu. Rudia kwa klachi, kidole kikiwa juu ya swichi nyekundu ya kuzimia injini. Mwisho zima kitufe kikuu cha kruzi. Njia moja tu ikishindwa, chomoa fyuzi yake na urudi nyumbani kwa mkono wako.

Mahali pa kuitumia tunapajua: vipande virefu kama kati ya Chalinze na Segera, mchana, pakavu. Kruzi haioni tuta, haioni kibao cha 50, na askari wa tochi hatakubali kwamba ni kifaa kilichokuwa kikiendesha. Ndani ya Mikumi izimeni, twiga havuki kwa miadi. Mvua, mchanga na kona vilevile.

Kuna kijana pale nyuma ameuliza kama inafungika kwenye bodaboda ya 150 ya kabureta. Inafungika, kwa kulazimisha. Silinda ni moja, vakyumu yake inakuja kwa mapigo, tangi lazima liwe kubwa, na nyingi zina kebo moja tu, maana yake huna ya kufungia kwa nguvu. Halafu kwenye barabara kuu unakuwa karibu umefungua mafuta yote, kifaa hakibakiwi na kitu cha kuongeza. Na kazi yako, mdogo wangu, ni kusimama kila mita mia mbili. Hela hiyo nunua swichi mpya ya breki ya mguu na tairi la nyuma.